Kuvizia na Kutega: Maoni Juu ya Jinsi Wapigapicha Wanavyosifiana

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuishughulikia sanaa ya maneno. Riwaya, tamthilia na ushairi vimeandikiwa kurasa nyingi, na mjadala wa fani na maudhui umeendelea kwa muda mrefu hivi kwamba hapana mwanafunzi wa Kiswahili asiyeujua. Picha ya kamera, kwa upande wake, imeachwa mlangoni. Huchukuliwa kuwa ushahidi wa habari ya gazeti au pambo la kalenda, na ni nadra kuhesabiwa kuwa kazi ya mtu aliyekusudia jambo. Kwa sababu hiyo wapigapicha wamebaki kuhakikiana wao kwa wao, na uhakiki wao aghalabu huishia katika sifa.

Makala haya yanakusudia kuichunguza desturi hiyo ya kuonyeshana na kusifiana, hasa miongoni mwa wapigapicha wa wanyamapori na wale wa michezo. Yeyote aliyewahi kuketi nao anaijua. Mmoja hutoa picha ya duma aliyeruka juu ya nyasi, mwenziwe hutoa picha ya mkimbiaji anayeukata utepe. Picha hupita mkono kwa mkono, na husikika maneno machache: 'Kali!', 'Safi kabisa', 'Hapo umeweza'. Baadaye huulizwa habari za lenzi na za kasi ya kamera. Jinsi picha yenyewe ilivyopatikana haiulizwi sana, na anayeuliza huweza kudhaniwa kuwa ana wivu.

Dai letu ni kwamba swali hilo lisiloulizwa ndilo lililo moyo wa uhakiki wa picha za aina hizi mbili. Tunadai vilevile kwamba Kiswahili kina maneno ya kuliulizia, tena maneno ya zamani yaliyotoka katika kazi ya uwindaji. Kilichopungua ni matumizi yake.

Mnyama na mwanariadha

Huenda msomaji akashangaa kuona picha za wanyama na za michezo zikiwekwa katika fungu moja. Lakini historia ya kamera yenyewe ndiyo iliyoziweka pamoja. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Mwingereza Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi, na farasi alipopita akizikata nyuzi zilizotandazwa, kila kamera ilipiga kwa zamu yake. Picha hizo zilithibitisha kwamba farasi anayekwenda mbio huwa na wakati ambapo miguu yake yote minne imeachana na ardhi. Zilionyesha pia kwamba wakati huo miguu imekunjwa chini ya tumbo, ilhali wachoraji wa Ulaya walikuwa wameichora kwa miaka mingi ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma. Mwaka 1887 Muybridge alitoa mkusanyo wake mkubwa wenye mabamba 781. Humo farasi na wanyama wengineo walikaa pamoja na watu wanaokimbia, wanaoruka na wanaopigana mieleka.

Ujirani huo haukuwa wa bahati. Mnyama porini na mwanariadha uwanjani wanafanana katika jambo moja: hawamtii mpigapicha. Anayepiga picha ya arusi aweza kumwomba bibi arusi ageuze uso, na akikosea ataomba tena. Anayemngojea simba au mpiga mbizi hana mamlaka hayo. Tukio huja mara moja, kwa saa yake, na likipita limepita. Heshima yote ya fani hii imejengwa juu ya ungamo dogo lisiloandikwa popote: 'Sikuamrisha. Nilikuwapo, na nilikuwa tayari.'

Mtazamaji wa kawaida hana njia ya kulipima ungamo hilo. Yeye huona matokeo tu. Anayeweza kulipima ni mwenzi wa kazi, mtu ambaye naye amelala tumboni katika vumbi tangu alfajiri, au amepiga magoti nyuma ya goli huku mvua ikimnyea. Huyo anajua ni nini kinachowezekana, na ni nini kinachotia shaka. Kwa hiyo sifa itokayo kwake ina uzito ambao sifa ya mpita njia haina. Ni mfano wa ushahidi mbele ya baraza. Nao ushahidi ukitolewa bila kuuliza, humpotosha kila anayeutegemea.

Vitenzi vinne

Tuanze na lugha. Kiswahili husema kupiga picha, kama vile kisemavyo kupiga pasi au kupiga hodi. Kitenzi hiki ni kipana mno, na hakimwelezi mhakiki jambo lolote juu ya namna ya kazi. Waandishi wa magazeti wamekiongezea kingine, kunasa: kamera imenasa tukio, mwizi amenaswa na kamera. Kunasa ni neno la mtego na la ulimbo. Hueleza mwisho wa shughuli, yaani kitu kimeshikwa, lakini halisemi kimeshikwaje. Ili kueleza hilo hatuna budi kurudi kwa wawindaji, ambao hutofautisha kuvizia na kutega. Anayevizia hukaa kimya mahali ambapo mnyama huenda akapita kwa hiari yake. Anayetega hupanga mambo ili mnyama afike, na pengine humwekea chambo.

Tofauti hii si ya kubuni. Upigaji picha wa wanyamapori katika Afrika ya Mashariki ulianza ukiwa mikononi mwa watu waliobeba bunduki pamoja na kamera. Mjerumani Carl Georg Schillings, ambaye kitabu chake cha mwaka 1905 kilitaja katika anwani yake mwanga wa kupigia picha na bunduki bega kwa bega, alipiga picha za usiku katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na baadhi ya simba wake walivutwa kwa mifugo hai iliyofungwa mtini. Wasomaji wa Ulaya walistaajabia ujasiri wake. Ng'ombe aliyefungwa hakuwashughulisha.

Hata hivyo tusiharakishe kulihukumu neno kutega. Muybridge naye alitega, lakini alichokitega ni kamera. Farasi alikimbia mbio zake mwenyewe. Mwaka 2019 Mwingereza Will Burrard-Lucas alitoa picha za chui mweusi wa Laikipia, alizozipata kwa kamera zilizoachwa kando ya njia zikijipiga zenyewe mnyama apitapo. Hapa pia kilichotegwa ni kamera, naye chui alipita alipotaka. Kwa hiyo mhakiki anapaswa kuuliza swali la pili: ni nini kilichotegwa? Kutega kamera ni namna ya kuvizia. Kutega mnyama ni jambo jingine kabisa.

Mfano huo wa Laikipia una funzo jingine juu ya sifa. Picha zilikuwa nzuri, na zilistahili kusifiwa kwa uzuri wake. Lakini sifa zilipoenea duniani zilizaa dai kwamba chui mweusi hakuwa amepigwa picha barani Afrika kwa miaka 100. Wakenya walilipinga mara moja, wakataja picha za miaka ya nyuma. Mpigapicha hakuhitaji pambo hilo. Waliomwongezea ni wasifuji.

Chui na nyani: kisa cha John Dominis

Mpigapicha anayelifaa zaidi jambo letu ni Mmarekani John Dominis wa jarida la Life, aliyefariki mwaka 2013. Yeye alizifanya kazi zote mbili, ya wanyama na ya michezo, na katika kila moja aliacha picha inayokumbukwa.

Picha ya kwanza ilipigwa mwaka 1966 na kutolewa katika Life mwaka uliofuata. Chui amemkaribia nyani katika uwanda mkavu. Nyani amegeuka kumkabili, kinywa wazi, meno yote nje. Kwa upande wa fani hakuna cha kuongeza. Hakuna mti wala kichaka kinachoyavuta macho pembeni. Viumbe wawili wamebaki peke yao, na nafasi iliyo kati yao ni ndogo kuliko urefu wa mmoja wao. Mtazamaji huona ushujaa wa mnyonge anayejua kwamba atashindwa. Wengi waliiona picha hiyo kuwa ukweli wa pori katika umbo lake kamili.

Baadaye Dominis mwenyewe alieleza wazi jinsi alivyoipata. Chui alikuwa amekamatwa na mwindaji huko Botswana. Alipelekwa na kuachiliwa mbele ya kundi la nyani. Nyani wengine walikimbia, mmoja akageuka, naye akauawa. Kwa kanuni za wakati ule, na kwa matakwa ya majarida ya wakati ule, jambo hilo halikuhesabiwa kuwa kosa.

Picha ya pili ni ya tarehe 16 Oktoba 1968, mjini Mexico. Tommie Smith na John Carlos, washindi wa kwanza na wa tatu wa mbio za mita 200, wamesimama jukwaani wameinamisha vichwa na kuinua ngumi zilizovikwa glavu nyeusi. Mbele yao amesimama Peter Norman wa Australia, aliyekuwa wa pili, naye amevaa beji ile ile ya kutetea haki za binadamu waliyoivaa wao. Dominis hakupanga lolote. Waliopanga ni wanariadha wenyewe, na ujumbe ulikuwa wao. Kazi ya mpigapicha ilikuwa kusimama mahali pafaapo na kutokiharibu kilichokuwa kikisemwa.

Tukiziweka picha hizi mbili sambamba, tutaona kwamba ustadi wa mkono ni mmoja. Kinachozitofautisha hakionekani ndani ya fremu. Katika picha ya Mexico wanaoonekana ndio waliotenda. Katika picha ya Botswana tunaonyeshwa ushujaa wa nyani, lakini aliyemlazimisha kuwa shujaa amesimama nyuma ya kamera. Maudhui tuliyoyasoma, yaani ukweli wa pori, hayamo. Yaliyomo ni maudhui mengine: uwezo wa binadamu wa kupanga kifo na kukitazama. Na haya pia ni maudhui mazito, yanayostahili kuhakikiwa, mradi yatajwe kwa jina lake.

Wako watakaosema kwamba sanaa ihukumiwe kwa kile kilichomo ndani yake, na kwamba habari za nje ya kazi hazimhusu mhakiki. Tunaiheshimu hoja hiyo katika riwaya, kwa maana mwandishi wa riwaya hakuahidi kwamba mambo yale yalitukia. Picha ya mnyamapori imeahidi. Neno 'pori' ndiyo ahadi yenyewe. Ukimwondolea mtazamaji imani kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa, picha hubaki na umbo lake lakini hupoteza sababu ya kutazamwa. Kwa hiyo namna ya kuipata ni sehemu ya fani yake, kama vile mizani ilivyo sehemu ya fani ya shairi la arudhi.

Tuzo, na jicho la mwenzi

Mashindano ya miaka ya karibuni yamelithibitisha jambo hili. Mwaka 2009 Mhispania José Luis Rodríguez alipewa tuzo kuu ya mashindano ya picha za wanyamapori yaendeshwayo na Jumba la Makumbusho ya Historia ya Viumbe la London. Picha yake ilimwonyesha mbwamwitu wa Ulaya akiruka juu ya lango usiku. Mwaka 2010 waamuzi waliiondoa baada ya kuamini kwamba mnyama huyo yamkini alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2017 picha ya Mbrazili Marcio Cabral, ya mnyama mla mchwa akikikaribia kichuguu kinachometameta, ilishinda katika mashindano hayo hayo. Mwaka 2018 nayo iliondolewa, kwa sababu wataalamu waliilinganisha na mnyama aliyekaushwa na kuwekwa katika jengo la wageni la hifadhi ya Emas, wakaona ni yule yule. Wapigapicha wote wawili walikana.

Hatuna nia ya kuwahukumu upya. Kinachotuhusu ni kwamba majopo ya waamuzi mashuhuri yalizitazama picha hizo na kuzipa sifa ya juu kabisa, na dosari ilionekana tu baada ya watu wengine kuleta mashaka yao. Jopo liliuliza kama picha ni nzuri. Waliotilia shaka waliuliza ilipatikanaje.

Bahati ya Leifer

Katika michezo kishawishi huwa na sura nyingine. Huwezi kumtegea bondia mpinzani, kwa sababu waandalizi wa pambano wamekwisha kumletea. Hapa anayedanganywa kwa urahisi ni msifuji, ambaye huyaita ustadi mambo mengine kabisa.

Tuitazame picha ya Neil Leifer ya tarehe 25 Mei 1965, huko Lewiston, Maine. Muhammad Ali amesimama juu ya Sonny Liston aliyelala chali, mkono wake umekunjwa mbele ya kifua, kinywa kimepaazwa. Leifer alikuwa na umri wa miaka 22. Kati ya miguu ya Ali anaonekana mpigapicha mwingine wa jarida lile lile, Herb Scharfman, mtu aliyemzidi Leifer kwa umri na uzoefu. Scharfman ana kamera yake, na mbele ya kamera hiyo upo mgongo wa Ali.

Picha hiyo ina wapigapicha wawili ndani ya tukio moja, na kilichowatenga ni upande wa ulingo. Kusema kwamba Leifer alimshinda Scharfman kwa kipaji ni kutojua kazi hii. Leifer mwenyewe amekiri sehemu ya bahati. Fahari yake ni kwamba bahati ilipokuja hakuikosa. Sifa ya haki kwa Leifer ni ile inayozigawa sehemu hizi mbili: kiti alichokipata, na utayari aliokuwa nao kitini. Anayejua kuvizia anajua kwamba wengi huvizia vizuri na mnyama asipite. Scharfman ndiye ukumbusho wa hao, na yumo ndani ya picha.

Tena picha hii husomwa kuwa fahari ya mshindi, ilhali Ali alikuwa akimfokea Liston ainuke apigane. Pigo lililomwangusha lilikuwa la haraka mno hata wengi ukumbini hawakuliona, na ubishi ukazuka. Kutojua huko hakumo katika picha. Umbo limetulia, tukio halikutulia. Mhakiki anayeisifu picha hii bila kulitaja hilo ameihakiki nusu.

Gharama ya kusogea karibu

Huenda msomaji akaona kwamba haya ni mambo ya heshima za wapigapicha tu. Sivyo. Sifa hufundisha. Kikundi kinachosifu ukaribu wa picha bila kuuliza ukaribu huo ulinunuliwa kwa nini, kinawafundisha vijana wake kusogea karibu zaidi.

Kwetu Kenya jambo hili lina hesabu. Utafiti wa Femke Broekhuis juu ya duma wa Maasai Mara, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba majike walioishi palipokuwa na watalii wengi walifaulu kulea hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzazi. Walioishi palipokuwa na watalii wachache walilea wastani wa 2.3. Duma huwinda mchana, saa zile zile ambazo magari huzunguka. Akizingirwa, huacha windo au hunyang'anywa. Bila shaka si kila aliye ndani ya magari hayo ni mpigapicha wa fani. Lakini wote wamebeba kamera, na wote wamekwisha kuona ni picha gani zinazosifiwa.

Kwa hiyo kwa vitenzi vyetu hatuna budi kuongeza cha nne, kuzingira. Kuvizia humwacha mnyama na njia ya kuondoka; kuzingira humwondolea. Picha mbili za uso wa duma zaweza kulingana kwa kila kitu, moja ikiwa ya kuvizia na nyingine ya kuzingira. Mwenzi wa kazi, anayeyajua mazingira na pembe za macho ya mnyama, mara nyingi huweza kuzitambua. Akinyamaza, amezifanya kuwa sawa.

Hoja ya adabu

Imebaki hoja moja nzito. Wapigapicha husema kwamba kusifiana ni adabu. Kazi yao ni ya upweke na ya gharama, malipo ni haba, na kijana aliyeleta picha yake ya kwanza ya goli la penalti hahitaji mahakama. Anahitaji kutiwa moyo. Tunaikubali hoja hiyo kwa nusu. Uhakiki unaotafuta makosa tu huua fani changa, na sisi wa idara za lugha tumewahi kuyaona hayo katika mabishano juu ya ushairi miaka ya 1970.

Lakini adabu ya wasanii wa Kiswahili haijawahi kuwa ukimya. Washairi wa Lamu na Mombasa walijibizana kwa tungo zama za vita vya Kuduhu, mwanzoni mwa karne ya 19, na malumbano ya malenga yameendelea hadi katika kurasa za magazeti yetu. Kwa desturi anayejibu hufuata umbo lile lile la mwenziwe. Hiyo ndiyo heshima yake kwake: amelisoma shairi kwa makini hata ameweza kulijibu kwa mizani yake. Malenga aliyeambiwa 'Safi kabisa' na kuachwa hapo angedhani kwamba hakusikilizwa.

Heshima ya namna hiyo ndiyo tunayoipendekeza kwa wapigapicha. Kumwuliza mwenzi 'Ulimngoja saa ngapi? Ulisimama wapi? Alikuona? Aliondoka kwa hiari yake?' si kumtuhumu. Ni kumpa nafasi ya kuieleza ile sehemu ya kazi ambayo picha haiwezi kuionyesha, na ambayo mara nyingi ndiyo bora kuliko zote. Aliyevizia siku tatu atafurahi kuulizwa. Atakayekasirika ametueleza jambo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha za wanyamapori na za michezo zimefungwa na ahadi moja, kwamba mpigapicha hakuamrisha tukio. Kwamba mwenzi wa kazi ndiye shahidi bora wa ahadi hiyo. Na kwamba vitenzi kunasa, kuvizia, kutega na kuzingira vyatosha kuanzishia uhakiki wake. Sisi wa idara za lugha tumetumia jitihada nyingi kutafuta istilahi mpya za uhakiki. Pengine tungewasikiliza wawindaji wa zamani kabla ya kwenda mbali, kwa kuwa wao walijua kwamba nyama iliyo chunguni haisemi ilipatikanaje, na kwa hiyo walimwuliza aliyeileta.